Mboga za majani kila siku mezani: maswali yanayoulizwa sana Mombasa

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mboga zinapozungumzwa, iwe sokoni, kwenye kundi la familia la simu au jikoni watu wakichambua. Msimamo wangu nautoa mapema: watu wengi wa Mombasa hawachukii mboga, wanachoshwa na kazi yake. Kuna kuchambua, kuosha mchanga na kukata, na hapo joto limeshazinyausha kabla hujashuka matatu. Kwa hivyo majibu mengi hapa yanahusu kuipunguza kazi hiyo, au kuihamishia saa ambayo bado una nguvu.

## Mambo ya kwanza

Tunaposema mboga za majani, tunahesabu zipi?

Sukuma wiki, mchicha, spinachi, mnavu (managu), majani ya kunde, kisamvu (majani ya muhogo), matembele (majani ya viazi vitamu), majani ya malenge, mchunga, mgagani, saladi na kotmiri yako ya kawaida, yaani dania. Kabeji nayo imo, ina vitamini C nzuri, lakini kwa vitamini A haifikii hata karibu na majani ya kijani kibichi. Ikiwa mboga yenu ya wiki nzima ni kabeji, usiiache. Ipe tu mwenzake wa kijani.

Mabenda (bamia), bilinganya na mbaazi mbichi ni mboga, ila si majani. Viazi na muhogo havihesabiwi kabisa, hata vikipikwa kwa nazi nzuri namna gani.

Nile kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na viazi, muhogo na mizizi mingine ya wanga haimo katika hesabu hiyo. Kwa kawaida gramu hizo hugawanywa mafungu matano ya gramu 80. Kwa mboga ya majani iliyopikwa, fungu moja ni kama vijiko vinne vikubwa vilivyojaa.

Watu hudanganyika na sufuria. Mchicha uliojaa mpaka kifuniko hakifungi hunywea ukabaki wa kujaza bakuli dogo, halafu hilo bakuli linagawanywa watu sita. Ukinunua fungu moja kwa familia nzima, kila mtu amepata kionjo tu.

Lazima nile saladi mbichi?

La. Mboga iliyopikwa vizuri ni mboga kamili, na baadhi ya virutubisho, hasa vile mwili unavyogeuza kuwa vitamini A, hupatikana kwa urahisi zaidi majani yakiwa yamelainika na yameguswa na mafuta kidogo. Vitamini C ndiyo inayopungua motoni, na hiyo unaweza kuirudisha kwa ndimu ya mezani. Kama unapenda mbichi, soma kwanza majibu ya kuosha huko chini.

Nyumbani kwetu hatuli mboga kabisa. Nianzie wapi?

Anza na sufuria ambayo tayari iko motoni. Usipike chakula kipya, usitangaze kuwa kuanzia leo watu watakula kiafya. Kama leo ni pojo (choroko), dakika tano kabla ya kuepua tupia mchicha uliokatwakatwa. Kesho ikiwa maharagwe ya nazi, tupia sukuma iliyokatwa nyembamba. Fanya hivyo mpaka watu wazoee kuona kijani ndani ya mchuzi, ndipo ulete bakuli la mboga peke yake.

## Sokoni

Ninunue wapi, na saa ngapi?

Ukitaka nyingi kwa bei ya chini, Kongowea asubuhi mapema, magari yakiwa yanashusha. Hilo ni soko la jumla, kwa hivyo hata fungu dogo huwa kubwa kuliko la mtaani. Marikiti inawafaa walio mjini, na ni pazuri kwa kotmiri, ndimu, nazi na viungo kwa safari moja. Lakini kwa mtu wa kawaida jibu la kweli ni mama mboga wa mtaani kwako, kwa sababu mboga za majani kwa joto letu zataka kununuliwa kidogo kidogo na mara nyingi. Kwenda Kongowea Jumamosi ukarudi na gunia la mchicha ni kujitafutia kazi ya kutupa Jumatatu.

Jambo moja linalosaidia ni kumzoea mama mboga mmoja. Atakuambia mchicha umeingia leo au ni wa jana, atakuwekea mnavu ukipatikana, na siku nyingine atakuongezea bila kuombwa.

Nitajuaje kama ni mbichi kweli? Zote zinang'aa maji.

Maji hayo hunyunyiziwa kutwa, kwa hivyo kung'aa si ushahidi. Angalia kikonyo. Kivunje kidogo: kikikatika kwa sauti, mboga ni ya leo, kikijipinda kama kamba, imelala. Tazama pia katikati ya fungu, maana majani mazuri huwekwa nje. Ukikuta ya ndani yameloa, yamekuwa meusi na yanateleza, rudisha, hata ukipunguziwa bei.

Mboga ya jioni iliyonyauka tu, bila kuoza, si mbaya. Mara nyingi hushuka bei, na ukiipika usiku huohuo hakuna atakayejua.

Eti majani yenye matundu ya wadudu hayana dawa?

Watu hupenda kuamini hivyo. Tundu linaonyesha mdudu alikula, basi. Huenda alikula kabla ya dawa kupigwa. Na jani zuri lisilo tundu laweza kuwa limekua tu msimu ambao wadudu ni wachache. Osha yote sawasawa.

Sukuma ambayo mama mboga amekata tayari ni sawa?

Kwa mtu anayetoka kazini saa moja usiku, ni msaada mkubwa, na mimi siwezi kumwambia aache. Ila kuna mawili. Kwanza, jani likishakatwa nyembamba hupoteza vitamini C upesi, na ukilioshea nyumbani baada ya kukatwa, nyingine inaenda na maji. Pili, huwezi kujua kisu na ubao vimeoshwa lini. Kwa hivyo mwambie aoshe kwanza, akate ukiwa umesimama hapo, na uende nalo moja kwa moja jikoni. Beba chombo chako chenye kifuniko; tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, wengi hufungia gazeti, na wino wa gazeti kwenye mboga iliyoloa si wa kutamanika.

Bei imepanda. Nibadilishe na nini?

Bei za mboga Mombasa hufuata mvua na barabara. Nyingi ya sukuma, kabeji na spinachi hutoka mbali, vilima vya Taita na kwingine bara, kwa hivyo mvua ikikosekana huko au barabara ikiharibika, hapa tunaiona kwenye fungu. Mboga za hapahapa pwani, yaani mchicha, majani ya kunde, matembele, mchunga na kisamvu, hufuata mvua yetu wenyewe: zikianza masika na vuli hujaa mpaka zinabembelezwa. Wakati huo acha sukuma ya bei ghali ipite. Kisamvu na matembele hustahimili ukame vizuri zaidi, kwa hivyo hupatikana hata jua la kaskazi likiwa kali.

## Kuosha na kuweka

Naosha mara nne na bado mchanga unakwaruza meno. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa liko kwenye kumwaga. Mtu anaosha mchicha ndani ya beseni, kisha anainamisha beseni maji yatoke, na mchanga uliokuwa umetua chini unarudi juu ya majani. Fanya kinyume: jaza beseni maji mengi, tumbukiza mboga, itikise kwa vidole, iache itulie kidogo, halafu itoe mboga kwa mikono miwili uiweke chombo kingine. Ndipo umwage maji. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi ukipapasa. Mara mbili tatu hutosha, na unatumia maji machache kuliko ukikinga bombani.

Osha majani yakiwa mazima, ukate baadaye. Mizizi ya mchicha ikatwe kabla haijaingia beseni, kwani ndiyo inayobeba udongo.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Yanafaa kuoshea?

Kwa kutoa mchanga, yanafaa, ikiwa mboga itapikwa. Kwa suuza la mwisho tumia maji matamu, hata vikombe viwili vya kumiminia juu. Hiyo ndiyo njia ya busara kwa anayenunua mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni. Hakuna sababu ya kumaliza maji ya kununua kwenye udongo wa Kongowea.

Kwa mboga zitakazoliwa mbichi, yaani kachumbari, saladi na kotmiri ya kunyunyizia, maji ya kisima peke yake hayatoshi hata yakiwa maangavu. Suuza la mwisho liwe la maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mji huu umeshawahi kuingiliwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, na visima vyetu viko jirani na mashimo ya vyoo.

Nitie sabuni, siki au chumvi?

Sabuni hapana kabisa, jani huinywa. Maji ya chumvi husaidia vidudu vidogo kujitoa kwenye kabeji na spinachi, kwa hivyo si bure. Siki hupunguza vijidudu kiasi, lakini haifanyi maji machafu kuwa salama. Ukiwa huna maji ya kuaminika, pika.

Sina friji. Zitakaaje mpaka kesho?

Ziweke na mizizi yake ikiwa zimekuja nayo, zisimamishe kwenye chombo chenye maji kidogo, maji yaguse mizizi na vikonyo tu, na uziweke mahali pa kivuli panapopita upepo. Zisizo na mizizi zifunge kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Watu wa bara hufaulu sana na chungu cha udongo kinachotoa jasho. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, kwa hivyo chungu hupoza kidogo tu. Usikitegemee zaidi ya usiku mmoja.

Mwenye friji afanye kinyume: mboga iingie ikiwa kavu. Kung'uta maji, itandaze kwenye taulo safi mpaka iache kudondosha, ikunje ndani ya kitambaa kikavu, weka kwenye droo ya chini. Iliyowekwa ikiwa imeloa huoza katikati.

Nichambue lini? Usiku nimechoka.

Chambua siku ya kununua, kabla hujakaa chini. Mboga ambayo haijachambuliwa ndani ya friji ni mboga ya kutupwa. Kila ukiifungua unaiona kazi, unaifunga, unakaanga mayai. Iliyokwisha kuchambuliwa na kuoshwa huingia sufuriani ndani ya dakika. Kama kuna watu nyumbani, weka sinia katikati wakati wa taarifa ya habari na kila mmoja apewe fungu lake. Kijana wa kiume mikono haitamkatika.

Mboga ya nazi iliyobaki usiku yaweza kuliwa kesho?

Ikiwa iliingia friji ndani ya saa mbili baada ya kuepuliwa, ndiyo, ipashwe moto mpaka ichemke. Iliyolala juu ya jiko, la. Tui huchacha upesi kwa joto letu, na kuichemsha tena asubuhi hakuondoi kila kilichozaliwa humo usiku.

## Jikoni

Niongeze majani wapi bila kuongeza sufuria?

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote, kwa hivyo nitalijibu kwa urefu.

Asubuhi, mayai. Mchicha au spinachi ya konzi moja ikatwe nyembamba, ikaangwe na kitunguu mpaka inywee na maji yakauke, ndipo mayai yamiminwe juu. Ukitia mboga ikiwa na maji, mayai hutoka yamelowa na watu watalaumu mboga. Mbaazi za nazi za kulia mahamri zinapokea kotmiri nyingi kuliko unavyodhani, na ikitiwa baada ya kuepua hubaki na harufu yake.

Chapati ni mahali pa kuwashangaza watu. Chemsha majani ya spinachi dakika moja, yasage na maji yake kwenye blenda, na uukande unga kwa maji hayo badala ya maji matupu. Chapati hutoka kijani, ladha hubadilika kidogo sana. Punguza maji kuliko kawaida, kwa sababu majani yenyewe yana maji na unga utakuwa mwepesi mkononi.

Mchana, kila mchuzi wa nafaka na maharagwe ni nafasi: pojo, kunde, maharagwe, hata pure, yaani mahindi yaliyopikwa na maharagwe. Pure ya nazi yenye majani ya kunde ndani ni chakula kamili, hutaki kitu kingine. Mchuzi wa samaki nao hupokea mchicha vizuri, mradi uingie mwisho kabisa, samaki akiwa ameiva. Ukikoroga samaki kwa ajili ya mboga utakula miba. Biriani na pilau usiziguse. Hizo zina heshima yake, na kachumbari iko pembeni (tazama jibu lake chini).

Jioni, vya kutafuna. Bajia za dengu zinachukua majani mengi yaliyokatwa. Katlesi huchukua kotmiri na spinachi iliyokamuliwa vizuri. Sambusa ya nyama yaweza kuwa nusu nyama nusu majani ya kitunguu na kotmiri bila mtu kulalamika. Kweli ni vya kukaanga kwa mafuta mengi, kwa hivyo sivihesabu kama mboga ya siku, ila ni bora kuliko bila. Viazi vya rojo navyo, mimina juu chatne ya kotmiri: kotmiri fungu zima, nazi kidogo, pilipili mbichi, chumvi, ndimu, vyote visagwe. Chatne hiyo ni mboga mbichi ambayo watu huiomba wenyewe.

Mchicha wangu wa nazi hutoka maji maji, na tui linakatika.

Maji hutoka kwenye mchicha wenyewe, kwa hivyo ukung'ute kabla. Kaanga kitunguu, tia mchicha, acha sufuria wazi, ugeuze mpaka unywee na maji yake yapungue. Ndipo umimine kasimile, yaani tui zito la kwanza, moto uwe mdogo, na ukoroge bila kuacha mpaka lianze kuchemka taratibu. Dakika tatu nne zatosha. Tui hukatika kwa mambo mawili: moto mkali na uchachu wa ndimu au nyanya nyingi. Ndimu ingoje sahani.

Chumvi mwisho, kila mara. Mchicha wa sufuria nzima utaonekana unataka kijiko, kumbe ukinywea ulitaka robo.

Nazi yote hiyo si itaharibu faida ya mboga?

Mafuta kidogo yanatakiwa ili mwili upokee vitamini A na K za majani. Neno ni kidogo. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, kwa hivyo aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta apike kwa tui la pili, jepesi, na kasimile iwe vijiko viwili vya mwisho kwa harufu. Karanga zilizosagwa nazo zinafaa, hasa kwenye kisamvu na mnavu.

Mnavu na mchunga ni vichungu mno.

Uchungu wa mnavu hupungua ukichemshwa na maji ya kwanza yakamwagwa. Toa pia vitunda vyake vibichi vya kijani, havifai kuliwa. Mchunga ni mkali zaidi. Wenyewe wanaoujua, kina mama wa Kimijikenda, hawaupiki peke yake: huchanganya na mchicha au majani ya kunde, mchunga ukiwa mchache, halafu nazi. Anza na konzi moja kwa mafungu mawili ya mchicha. Wengine baada ya muda huja kuutafuta huo uchungu kwa sima.

Kisamvu kina sumu? Nimeambiwa nisikile.

Kibichi, ndiyo. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sianidi. Kupika kwa njia ya kawaida ya wazee huiondoa, na inafaa kujua kwa nini, ili usikate njia. Ukilitwanga jani bichi, chembe zake hupasuka na kimeng'enya kilichomo humo huivunja ile kemikali. Sianidi hutoka kwa mvuke. Ukichemsha majani mazima kwanza, joto hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya sumu hubaki. Kwa hivyo: chagua majani machanga, twanga kwenye kinu mpaka yawe laini kabisa, chemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi kwa muda mrefu, saa nzima si nyingi, ndipo nazi iingie. Blenda yaweza kushika nafasi ya kinu. Kisicho na mbadala ni huo muda wa motoni.

Nitie magadi ziive haraka?

Magadi hulainisha na kuhifadhi rangi, lakini huua vitamini C na baadhi ya vitamini B, na huongeza sodiamu kwa mwenye presha. Kwa sukuma na mchicha ni bure kabisa. Vinaiva dakika tano. Ukitaka rangi, pika bila kufunika, muda mfupi, na nyanya iwe chache.

Kachumbari inatosha kuwa mboga ya siku?

Nyanya na kitunguu ni vizuri, ila majani humo ni kotmiri ya mapambo tu. Igeuze: kabeji ikatwe nyembamba kama uzi, kotmiri fungu zima, majani ya saladi yaliyochanwa, nyanya zipungue. Tia ndimu na chumvi wakati wa kuleta mezani. Mapema inatoa maji. Uoshaji, tazama hapo juu.

Na juisi ya kijani?

Ni sawa kama kinywaji, hasa spinachi na nanasi. Ukiichuja umetupa nyuzinyuzi, na ukiitia sukari umerudi kwenye soda.

## Watu wa nyumbani

Watoto wanayatoa majani moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani.

Yakate madogo zaidi. Mtoto hupanga lile analoweza kulishika. Mabua ya sukuma yatolewe yote kwa wadogo; hayo ndiyo yanayomkaba koo na kumfanya akatae hata laini. Chapati za kijani na pojo yenye mchicha kwa kawaida hupita bila kesi. Usimlazimishe kumaliza, mpe kidogo kila siku. Ladha mpya hutaka kuonjwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa. Na baba akiyaacha ukingoni mbele yao, hapo hakuna pishi litakalosaidia.

Mama mkwe anasema kuandalia wageni mboga ni aibu.

Kwa mgeni, weka pilau yako na nyama yako. Lakini kisamvu cha nazi kilichotwangwa vizuri, ndani ya bakuli zuri, karibu na samaki wa kupaka, sijaona mgeni akikipita. Muombe mama mwenyewe akifundishe au akipike. Kikishakuwa chakula chake, aibu itaondoka.

Ramadhani tunakula vya wanga na vya kukaanga tu. Nifanyeje?

Futari ina mihogo, ndizi, viazi vitamu, mbaazi, kaimati. Usipigane nayo. Chukua kimoja, muhogo wa nazi kwa mfano, na utie majani ya kunde yaliyochemshwa mwisho. Chakula kikuu cha baada ya tarawehe ndipo pa bakuli la mboga. Daku nayo isisahauliwe: mchicha na wali mdogo, pamoja na maji ya kutosha, humpunguzia mtu shida ya choo kigumu ambayo wengi huipata mwezi huo. Mboga ichambuliwe asubuhi; baada ya alasiri hakuna mwenye nguvu.

Nakula kibandani kila mchana.

Vibanda vingi vina sukuma au kabeji. Sema mapema: "Mama, niongezee mboga, punguza wali." Bei mara nyingi haibadiliki. Chagua iliyo motoni. Ya mbichi ya pembeni uiache kama huoni maji ya kuoshea yanatoka wapi.

## Afya na hali maalumu

Chai baada ya chakula ina tatizo gani?

Chai na kahawa huzuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Subiri kama saa moja. Ndimu hufanya kinyume, huongeza upokeaji wake. Mwenye upungufu wa damu abadilishe hivi viwili kwanza.

Mimi ni mjamzito. Mboga zinatosha bila vidonge?

Hapana. Majani ya kijani yana foleti, mazuri sana, lakini vidonge vya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki endelea navyo. Mboga mbichi za nje ziache mpaka ujifungue.

Mtoto aanze lini?

Miezi sita, pamoja na maziwa ya mama. Mchicha uliopikwa ukapondwa na viazi au ndani ya pojo laini.

Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kama ni warfarin, vitamini K ya majani hupambana nayo. Usiache mboga na usizidishe ghafla. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na umwambie daktari kabla ya kubadili. Dawa nyingine mpya za aina hiyo hazina shida hii, kwa hivyo uliza yako ni ipi.

Nina mawe ya figo, au figo hazifanyi kazi vizuri.

Ni mambo mawili tofauti. Kwa mawe ya aina ya oksaleti, spinachi na mchicha ndizo zenye oksaleti nyingi. Sukuma na kabeji ni chache, kwa hivyo badili, usiache. Kwa figo zilizodhoofika, wasiwasi ni potasiamu. Huyo hukata mboga ndogo, huzichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, jambo ambalo wengine nawaambia wasifanye ila kwa mnavu mchungu, na kiasi chake hupangwa na daktari au mtaalamu wa lishe.

## Kupanda mwenyewe

Naishi ghorofani. Naweza kupanda nini?

Gunia au ndoo iliyotobolewa chini, udongo na samadi iliyooza, na mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Kata juu, uache uchipue. Kunde za kula, zile kavu za dukani, ukizipanda utachuma majani. Matembele ndiyo rahisi kuliko yote: chomeka vipande vya mtambaa, maji, basi. Sukuma kwa joto letu huota, lakini wadudu huifurahia kuliko wewe.

Kwa maji ya chumvi, mchicha huvumilia kiasi. Saladi na kotmiri hufa. Mvua ikinyesha, acha gunia nje lioshwe chumvi iliyojikusanya.

Mchicha pori wa kando ya njia na mitaroni, nichume?

Ulioota kwenye kiwanja safi na unaujua vizuri, chuma. Wa ukingoni mwa mtaro wa maji machafu, wa jalalani na wa kando ya barabara kubwa, uache, hata ukiwa umenona. Hasa huo ulionona. Na jani usilolijua, mpelekee anayelijua kabla halijaingia sufuriani. Kwa mboga za porini za pwani, mtu huyo kwa kawaida ni yule mama anayeziuza kwa mafungu madogo pembeni mwa soko.